Ala za Matundu: Jina Linaloifaa Rekoda, Klarineti na Saksofoni

Mtoto wa Gredi ya 4 huko Kawangware, Nairobi, anaponunuliwa rekoda, anachokabidhiwa ni bomba la plastiki lenye kipulizio upande mmoja na matundu 8: 7 mbele na 1 nyuma, la kidole gumba. Mtaala wa Umilisi, uliofika Gredi ya 4 mwaka 2020, umeiweka rekoda hiyo ndogo ya sauti ya juu miongoni mwa ala ambazo watoto wa shule za msingi nchini Kenya hufundishwa kuzipuliza, na kwa njia hiyo imeingia katika nyumba za Kibera na Kawangware ambazo hazijawahi kuwa na ala nyingine ya muziki. Darasani mtoto anaambiwa kwamba ala yake ni ya jamii ambayo Kiingereza huiita woodwind, neno lililounganisha mbao na upepo. Anaitazama tena, anaona plastiki tupu, na ana haki ya kuuliza mbao iko wapi. Swali hilo ni la maana kuliko linavyoonekana. Nadai kwamba Kiswahili hakina sababu ya kuirithi mbao hiyo, kwamba jamii hii inastahili kuitwa ala za matundu, na kwamba jina hilo linamsaidia mwalimu na mwanafunzi katika kazi yenyewe ya kujifunza kupuliza.

Mgawanyo ulio nyuma ya jina hilo la Kiingereza ulikuwa wa kweli hapo mwanzo. Katika okestra za Ulaya za karne ya 18, filimbi, obo, besuni na klarineti zilichongwa kwa mbao, na tarumbeta na ndugu zake zilifuliwa kwa shaba, kwa hiyo kuzigawa kwa malighafi kulitosha. Kisha mambo yakageuka kwa kasi. Mwaka 1846 Adolphe Sax, Mbelgiji aliyekuwa na karakana Paris, alipewa hataza ya saksofoni, ala iliyokuwa ya shaba tangu kuzaliwa kwake. Mwaka uliofuata Theobald Boehm, mpuliza filimbi wa Munich, alitoa filimbi ya metali ambayo fluti nyingi za leo ni wajukuu wake. Wazungu hawakuubadilisha mgawanyo huo, wala jina halikuwasumbua, kwa maana neno likishazoeleka hakuna anayelipasua kutazama kilichomo. Mfasiri ndiye anayelazimika kulipasua. Akiandika ala za upepo za mbao, anamfufulia msomaji wa Kiswahili maana ambayo katika lugha yenyewe ilikwisha kulala. Mkazi wa Nairobi aliyekulia katika muziki wa bendi ya Les Mangelepa au Orchestra Virunga amesikia saksofoni ikiitikiana na tarumbeta, zote mbili zikimeremeta kwa shaba. Mwambie kwamba moja ni ala ya mbao na nyingine siyo, naye hatakuwa na namna ya kukuelewa. Mashabiki wa dansi wa Tanzania waliiita saksofoni mdomo wa bata. Walitazama umbo, wakasema walichokiona, na hawakumpotosha mtu.

Basi kinachoiweka saksofoni jamaa moja na rekoda ni nini? Chukua bomba lolote. Ukilipuliza ipasavyo, hewa iliyomo hutetema, na kadiri bomba linavyokuwa refu ndivyo mtetemo unavyopungua kasi na sauti kuwa nzito. Bomba la urefu mmoja lina sauti zake chache tu, zile ambazo mpuliza baragumu huzipata kwa kukaza na kulegeza midomo. Anayetaka do, re, mi hadi mwisho wa ngazi hana budi kupata njia ya kubadilisha urefu wa bomba huku akipuliza. Wenye tarumbeta waliongeza vipande vya bomba vinavyofunguliwa kwa vali. Mwenye tromboni huvuta bomba nje na kulirudisha. Wenye filimbi, zumari, klarineti na saksofoni walitoboa. Tundu likifunguliwa, hewa hujiendesha kana kwamba bomba limekatwa karibu na hapo. Vidole vikiinuliwa kimoja kimoja kuanzia chini, bomba linafupishwa hatua kwa hatua na sauti inapanda. Chivoti ya Wadigo, filimbi ya mwanzi inayopulizwa ubavuni na yenye matundu 6 ya vidole, imo katika jamii hii. Endere ya Baganda imo, na zumari la pwani limo. Siwa haimo, na mfano wake unafundisha sana: siwa ya Lamu ni ya shaba, ile ya Pate ni ya pembe za ndovu, na anayepanga ala kwa malighafi angelazimika kuwatenganisha mapacha hawa. Anayetazama matundu hawezi kukosea. Tundu lililo ubavuni mwa kila siwa ni la kupulizia. La kidole halipo, kwa hiyo zote mbili zinakaa pamoja na baragumu.

Kazi ya Boehm mwenyewe inathibitisha jambo hili. Kabla yake, mafundi walitoboa matundu pale vidole vilipoweza kufika, kwa ukubwa ambao ncha ya kidole ingeweza kuuziba, na sauti nyingine zikatoka kavu au zikapotoka kwa sababu mkono wa binadamu haukuumbwa kwa vipimo vya hewa. Kuanzia mwaka 1832 Boehm aligeuza utaratibu: kwanza tundu liwekwe panapotakiwa na sauti, tena liwe kubwa, kisha zitafutwe nyenzo na vifuniko vya kulifikia. Muundo wake wa mwaka 1847 ulikamilisha wazo hilo. Mpuliza klarineti Klosé na fundi Buffet, huko Paris, walilipeleka kwenye klarineti na kupata hataza mwaka 1844. Filimbi haikubadilika tabia kwa sababu ya metali. Ilibadilika kwa sababu matundu yake yalihamishwa na kupanuliwa, na klarineti, iliyobaki ya mbao, ilibadilika vivyo hivyo.

Lakini ushahidi ulio karibu zaidi na mtoto wa Kawangware umo katika rekoda anayoibeba mkobani. Rekoda za plastiki za shule ni za aina mbili, na kwa mbali hazitofautiani: rangi moja, urefu mmoja, plastiki ileile. Moja hufuata mpangilio wa vidole wa zamani, uitwao wa Kibaroki. Nyingine hufuata mpangilio wa Kijerumani, uliozuka Ujerumani katika miaka ya 1920 na kuhusishwa na fundi Peter Harlan, aliyetaka kuwarahisishia wanaoanza. Tofauti inajitokeza kwenye noti ya F. Kwa Kijerumani, kidole gumba na vidole vitatu vya kushoto vikishaziba, unaongeza kidole cha shahada cha kulia na F imetoka. Kwa Kibaroki, mkono wa kulia unaziba kwa kidole cha shahada, unaliacha wazi tundu la kidole cha kati, kisha unaziba kwa cha pete na cha mwisho. Urahisi wa Kijerumani una gharama, maana F iliyopandishwa nusu hatua inakuwa ngumu kuisawazisha, na mtoto anayeendelea mbele hukwama hapo. Yote haya yanatokana na ukubwa wa matundu mawili. Ukihesabu yale ya mbele kutoka juu, katika rekoda ya Kibaroki tundu la 4 ni kubwa kuliko la 5, na katika ya Kijerumani la 4 ni dogo kuliko la 5. Sasa fikiria darasa ambalo kila mzazi amenunua kivyake, katika duka lililo karibu naye. Wiki za mwanzo zinapita salama, kwa kuwa B, A na G hupatikana kwa mkono wa kushoto peke yake. Siku ya F inapofika, mwalimu anaonyesha vidole, wote wanafuata kwa utiifu, na nusu ya darasa inatoa sauti iliyopotoka. Wanaopotoka wanadhani hawana kipaji. Mwalimu aliyezoea kufikiri kwa mbao na plastiki hana pa kuanzia kutafuta kosa, kwani plastiki ni ileile. Aliyezoea kufikiri kwa matundu ataomba rekoda zote ziwekwe mezani, atatazama tundu la 4 na la 5, na atawagawa watoto makundi mawili kabla ya somo la kwanza. Istilahi nzuri hufanya kazi ya namna hiyo: humwelekeza mtumiaji mahali pa kutazama.

Ndivyo ilivyo katika mazoezi ya nyumbani pia. Sehemu kubwa ya Kawangware, kama Kibera, ni nyumba za chumba kimoja zinazotenganishwa na ukuta wa mabati, na sauti ya rekoda hupenya mabati bila shida. Jirani aliyetoka zamu ya usiku hawezi kulaumiwa akigonga ukuta. Mtoto anayeamini kwamba ala yake ni ya upepo atahitimisha kwamba bila kupuliza hakuna mazoezi, naye ataiweka ala kando. Mtoto anayejua kwamba ala yake ni ya matundu ana kazi tele ya kufanya kimya kimya: aegemeze kipulizio kidevuni, ataje noti kwa kunong'ona, na vidole vyake vipande na kushuka kwa mpangilio mpaka vizoee. Akitaka kujua kama anaziba sawasawa, abonyeze kwa nguvu kidogo kisha atazame ncha za vidole. Duara kamili likibaki limechorwa kwenye ngozi, tundu liliziba. Duara likiwa na pengo, hewa ilikuwa inavuja. Mlio mkali wa ghafla, ule unaowaudhi majirani na kumwaibisha mwanafunzi, mara nyingi hutokana na tundu linalovuja, hasa la kidole gumba, wala si kwa sababu mtoto ni mzembe wa kupuliza. Ni kweli kwamba pumzi lazima ifundishwe, na sauti ndefu iliyotulia haipatikani kwa vidole peke yake. Hata hivyo kwa anayeanza, vidole na pumzi ni masomo mawili, na moja kati yake haliwahitaji majirani wavumilie.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka msituni. Mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, ndio ambao kutokana nao klarineti na obo bora za dunia zinachongwa. Magogo yake hutoka katika misitu ya kusini mwa Tanzania, Kilwa na Lindi, na ya kaskazini mwa Msumbiji, na mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa usimamizi wa misitu yao. Mtu anaweza kusema: kama kuna lugha yenye haki ya kuziita ala hizi ala za mbao, ni Kiswahili, kwa kuwa mbao yenyewe ni ya Waswahili na jina lake ni la Kiswahili. Kulifuta neno mbao ni kulifuta jasho la wanavijiji wanaoutunza mti unaohitaji miongo mingi kukomaa. Hoja hii inagusa moyo, nami nataka mpingo utajwe katika kila darasa la klarineti Afrika Mashariki. Lakini kuuheshimu mti ni jambo moja, na kuutumia kuwa mpaka wa jamii nzima ya ala ni jambo jingine. Mwaka 1971 mwanafizikia Mmarekani John Coltman alichapisha jaribio alilolifanya kwa filimbi zenye vipimo sawa, moja ya fedha, moja ya shaba nyekundu, moja ya mbao. Wasikilizaji wenye uzoefu, wakisikiliza bila kuona, hawakuweza kuzitofautisha. Kinachoimba ni hewa. Ukuta wa bomba unaishikilia tu. Mwalimu wa Nairobi anaweza kulithibitisha hilo bila maabara. Asubuhi ya Julai, baridi inapokuwa kali, rekoda zote za darasa hushuka chini ya sauti zake za kawaida, za mbao na za plastiki kwa pamoja, kwa sababu mwendo wa sauti katika hewa hupungua kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kila joto linaposhuka nyuzi moja. Dawa ni kuipasha ala chini ya kwapa kabla ya kupuliza.

Kwa nini basi mafundi wa Paris waliuvukia bahari mpingo? Kwa sababu ni mzito kiasi cha kuzama majini, hausharabu unyevu wa pumzi upesi, na ukishatobolewa kingo za tundu hubaki kali na umbo lake halibadiliki kwa miaka. Sifa kuu ya mpingo ni kwamba unalitunza tundu. Anayetaka kuwaeleza watoto ubora wa mti huu hawezi kuanza na rangi yake nyeusi. Ataanza na tundu, na kutoka hapo atafika Kilwa. Jina ninalolipendekeza haliufungii mpingo mlango.

Wengine watasema hatuhitaji istilahi mpya, kwa sababu pwani ilikwisha kutupa maneno: filimbi, zumari, baragumu. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, na ningependa maneno hayo yatiwe nguvu. Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs walipotoa mfumo wao wa kuzipanga ala za dunia yote, ala za kupuliza walizigawa mafungu matatu makubwa: 421, ambamo hewa hukatwa na ukingo, 422, ambamo hewa hutetemeshwa na utete, na 423, ambamo midomo ya mpulizaji ndiyo inayotetema. Msomaji wa Kiswahili akiyatazama mafungu hayo atayaona maneno yake matatu yakiwa yamekaa kila moja mahali pake. Kwa hiyo ndani ya ala za matundu tuseme kuna upande wa filimbi, wenye rekoda, fluti na chivoti, na upande wa zumari, wenye obo, besuni, klarineti na saksofoni. Mtu wa Lamu au Mombasa anaweza kuhofu kwamba zumari lake, lenye heshima yake katika ngoma na harusi, linazimwa kwa kutwishwa ala za Ulaya. Mimi naona kinyume. Ni klarineti inayopewa mwenyeji, na mtoto wa Nairobi anayefundishwa kwamba saksofoni ni ya upande wa zumari atauliza zumari ni nini, swali ambalo halimjii leo. Bado, filimbi na zumari hazitoshi bila neno la kuzifunika pamoja. Mtoto akitoka kwenye rekoda kwenda kwenye saksofoni anavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, lakini vidole vyake vinavuka navyo: mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, na sauti kupanda kadiri matundu yanavyofunguliwa. Urithi huo wa vidole unahitaji jina. Ikumbukwe tu kwamba haufiki kila mahali kwa usawa. Rekoda, fluti na saksofoni zikipulizwa kwa sauti ya juu huruka oktava nzima, ilhali klarineti, kwa kuwa bomba lake ni la upana mmoja na limezibwa upande wa mdomo, huruka hadi noti ya 12 ya ngazi, na mwanafunzi wake hulazimika kujifunza vidole vya juu upya. Hata tofauti hiyo inaelezeka vizuri zaidi kwa bomba na matundu kuliko kwa mbao.

Kuna pia wanaoona neno tundu halina hadhi, kwa sababu katika taarifa za shule za Kenya na Tanzania matundu huhesabiwa kwenye vyoo. Siwapuuzi, darasa la watoto wa miaka 10 litacheka, na mwalimu ajue hivyo. Lakini tundu ni la sindano pia, na la ufunguo, na la pua, na hakuna anayelikwepa huko. Shimo lisingefaa, kwa kuwa lina kitako, na sisi tunasema juu ya kitu kinachopenya ukuta wa bomba kutoka nje hadi ndani. Tundu ndilo neno sahihi. Ama hoja kwamba mitihani ya muziki ni ya Kiingereza, jibu lake ni kwamba mwanafunzi ataandika jina la Kiingereza katika karatasi na kulielewa kwa Kiswahili, lugha anayoizungumza njiani akitoka shuleni. Kukariri peke yake kuna hatari zake. Jina la rekoda lenyewe ni mfano: Kiingereza kilikuwa na maana ya kale ya kurudiarudia wimbo hadi kuujua, na ala ikaitwa kwa maana hiyo, lakini mfasiri asiye mwangalifu anaweza kuiita kinasa sauti na kumpeleka mtoto kwa fundi wa redio. Heri kuiacha rekoda iwe rekoda.

Mipaka ya jina langu naijua. Enkwanzi ya Basoga, ile safu ya mabomba ya urefu tofauti inayopulizwa juu ya vinywa vyake, ni filimbi bila shaka, lakini haina tundu la kidole, kwa hiyo inabaki nje pamoja na filimbi ya refa. Naona ni sawa, kwa kuwa anayeipuliza hahitaji kuziba wala kufungua, na mafunzo yake ni mengine. Neno jingine linalohitaji uangalifu ni lile la kipande chembamba kinachotetema kwenye klarineti na zumari. Wapo ambao wangependa kukiita ulimi. Nawashauri wakiite utete, wingi wake tete, kwa sababu vipande vya klarineti hukatwa kwa kweli kutoka katika mmea wa jamii ya matete, na kwa sababu ulimi una kazi nyingine darasani. Mwalimu anaposema piga ulimi, anamtaka mtoto aguse nyuma ya meno kama anayetamka tu, tu, tu, ili kila noti ianze kwa usafi. Mbele ya klarineti, agizo hilo lisimfanye mtoto atazame kipulizio akitafuta ulimi wa kupiga.